Mundu wa Kulwa

Alhamisi jioni Mwalimu Yotamu, aliyekuwa wa zamu juma hilo, alitangaza mstarini: "Kesho kila mmoja aje na mundu wa kukatia nyasi. Asiyekuja nao, viboko sita."

Kulwa, binti wa mfugaji Mihayo, aliunoa mundu wa mama yake, akauviringisha katika kitambaa. Jumatatu angeanza mtihani wa kidato cha nne, na baba yake alikwisha kuapa: akiukosa mtihani huo, ng'ombe wa mahari wanaingia zizini.

Hakuna aliyewaambia wanafunzi kwamba Ijumaa hiyo mgeni kutoka wilayani angekuja kuushuhudia mpango mpya wa usalama shuleni. Walipomwona Koplo Gideoni wa polisi langoni akipekua mikoba, waliitumbukiza miundu yao majanini, kando ya mfereji wa mpunga.

"Tupa wako, wewe!" Sekela, mwanafunzi mwenzake, alimnong'oneza Kulwa.

"Mwalimu kauagiza. Nitautupaje?"

Ndivyo alivyolelewa. Alimpigia koplo magoti kama ilivyo desturi ya Wasukuma, akamkabidhi mundu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, afande."

"Shikamoo na silaha mkononi!" Koplo alicheka, akamgeukia mgeni. "Mheshimiwa, mpango umezaa matunda. Wafugaji hawa wanazaliwa na makali kiunoni."

"Mwalimu Yotamu ndiye aliyetuagiza, afande. Yule pale."

Yotamu alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo. Mgeni alimtazama. Kulwa naye alimtazama, uso umekwisha kukunjuka, kama mtu aliyeiona kamba akiwa kisimani.

"Mimi?" alisema Yotamu. "Binti huyu ni mwongo tangu kidato cha kwanza."

"Mwalimu! Jumatatu nina mtihani!"

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," alisema koplo. "Jumatatu utakuwa rumande."

Sekela aliviangalia viatu vyake.

Mgeni alishukuru, akaenda zake. Kulwa alipandishwa nyuma ya gari la polisi, pingu mikononi, mundu miguuni pa koplo. Gari lilipokuwa likigeuza, alisikia filimbi. Wenzake walikuwa wameinama mferejini wakiokota miundu yao. Kisha wakajipanga safu, Sekela mbele, wakaanza kukata nyasi.

"Upesi!" Yotamu alifoka. "Asiye na mundu, viboko sita!"