Chembe Zisizovaa Alama

Sampuli ya uboho ilifika maabara saa nne asubuhi. Ilikuwa ya fundi cherehani mmoja, mama wa watoto wawili, aliyelazwa jana yake fizi zikimvuja damu. Daktari wake alinipigia simu mwenyewe.

"Dada, fanya upesi. Kama ni ile saratani ya damu inayovujisha, dawa ipo, kidonge tu. Tukichelewa, damu itavujia kwenye ubongo."

Hasira zangu ziko karibu, na sipendi kuharakishwa. Lakini niliinamia kazi. Kila chembe ya damu huvaa alama zake mwilini. Sisi huziwekea kingamwili zenye rangi, kisha mashine huzipitisha mbele ya leza moja moja, kwa maelfu, na kila alama hung'aa. Mwaka wa kumi na moja huu, na bado nashangaa kama siku ya kwanza.

Safari hii alama mbili nilizozitarajia hazikung'aa kabisa: ile ya namba thelathini na nne, na ile tunayoiita DR. Nikapandwa na mori. Wiki iliyopita umeme ulikatika, jokofu la kingamwili likapata joto. Basi kingamwili zimeharibika! Nikafungua ndoo ya taka, nikalikamata bomba la sampuli nilimwage, nianze upya. Saa tatu nyingine.

"We, una wazimu?" Mwenzangu, tunayemwita Darubini kwa ukali wa macho yake, alinidaka mkono. "Hebu tazama pembeni pale, kabla hujatia watu hasara."

Pembeni mwa skrini palikuwa na vitone vichache: chembe nzima za mgonjwa yuleyule, kutoka bomba lilelile. Kwazo alama zote mbili ziling'aa, hii kwenye chembe hizi na ile kwenye zile. Kingamwili zilikuwa salama salmini. Zile chembe gonjwa ndizo hazikuvaa kitu, na ile aina anayoiogopa daktari huwa hivyo hivyo.

Nikalirudisha bomba mahali pake. Vitu visivyoonekana kwa macho vilikuwa vimeniambia ukweli mtupu, na mimi nikavisonya.

"Mpe kidonge, daktari," nilisema kwenye simu. "Sasa hivi. Kipimo cha jeni kitathibitisha baadaye."

Siku ya sita nilipanda wodini, jambo ambalo sisi wa maabara hatuna desturi nalo. Fizi za yule mama zilikuwa zimeacha kuvuja. Alikuwa akimshonea kaka yake kifungo cha shati.

"Wewe ndiye uliyeiona damu yangu?" akauliza. "Ahsante, dada."

Sikuweza kumwambia kwamba nilikuwa nimeshafungua ndoo ya taka.