Jina la Ugonjwa wa Linah

Linah alikuwa zahanati, ndani kwa mtoa dawa, mlango umerudishwa nusu, aliposikia sauti ya Jerotich kwenye dirisha la rekodi. Jerotich ndiye mwenyekiti wa kina mama wa kanisa lao pale Lanet, na hata akinong'ona anasikika mpaka barabarani.

Alikuja kwa nia njema, hilo tumpe. Alimweleza karani kwamba Linah amekonda na kina mama wanafunga siku tatu kumwombea. Lakini wataombaje na hawajui anaugua nini? Jumapili orodha ya wagonjwa inasomwa mbele ya watu, jina na ugonjwa kando yake. Alitaka neno moja tu kutoka kwa faili.

Neno hilo Linah alilificha miaka sita. Yeye hupika chapati karibu na geti la kambi ya jeshi. Chapati haijawahi kumwambukiza mtu virusi, lakini nenda uwaambie watu hivyo. Siku wakijua dawa anazomeza, chapati zitakaa mpaka ziote ndevu. Aliikumbatia chupa ya vidonge isije ikalia.

Karani, Khaemba, hakupandisha sauti. Alisema sheria ya kulinda data hairuhusu kutoa habari za mgonjwa bila ruhusa yake. Jerotich akamkumbusha ni nani aliyemwingiza kwaya.

"Basi niambie tu kama huwa anakuja hapa."

"Hata hilo siwezi, mama. Na wewe ukija na yako, atakayeuliza nitamjibu hivi hivi."

Jerotich akaondoa viwiko dirishani. Nani hana yake? Akaenda zake akisema kompyuta zimewaharibu watu.

Linah akatoka. Akamwambia Khaemba asante, halafu asante, halafu tena asante, mpaka karani wa watu akaona haya.

"Ni kazi tu, mathe."

Jumapili Jerotich akasoma: Linah, ugonjwa, Mungu anajua. Linah akasimama, akaomba kanisa limshukuru Mungu kwa ajili ya Khaemba wa kwaya. Hakusema kwa nini. Shingo zote zikageuka.

Baada ya ibada Jerotich akamvuta kando, hamu imemjaa mpaka machoni. Khaemba amemfanyia nini?

"Muulize mwenyewe," Linah akasema. "Pale dirishani anajibu vizuri sana."

Jumatatu alikanda unga kama kawaida. Wanajeshi wakala, wengine wakarudia, naye akamshukuru Mungu kwa kila mdomo uliotafuna, na zaidi kwa ule mmoja uliofungwa.