Neno la Mnarani

"Jina la Rimberia usiliandike," Kathambi alisema, akiegemeza fagio lake ukutani. "Watu watacheka tu. Eti hata mlevi amewekwa kwa ukuta wa kanisa."

Mzee Lomuria alikuwa amechuchumaa mbele ya bamba la jiwe, tindo mkononi. Majina sita ya mafundi waliojenga kanisa yalitakiwa juu ya mlango mkubwa kabla ya sherehe za Jumapili. Matano alikuwa ameshayachonga, la kwake likiwa la tano. Juu yao upepo wa Isiolo ulipenya madirisha ya mnara, na kama kila siku ya Mungu, masikio yake yakasikia neno moja tu: sawa.

Neno hilo yeye halitamki. Mtu akimwambia waonane kesho, hujibu "haya". Waendesha boda humtania, "Mzee, sema sawa basi, haina ushuru!" Naye hucheka na kupita mbio. Lo, laiti wangejua!

Mwaka wa themanini na tatu, padre Mwitaliano alitaka mnara wa mawe meusi utakaoonekana tangu njia ya Ngaremara. Rimberia, fundi wa Kimeru asiye na mzaha na kazi, alikuwa juu jukwaani na pima maji yake. Lomuria, kijana wa Kiturkana mwenye Kiswahili cha kuokoteza, alikuwa chini, ameshika kamba iliyobeba jiwe refu la kupita juu ya dirisha. Rimberia akaona povu la pima maji limetulia katikati, akapaza sauti, "Sawa!" Alimaanisha jiwe limelala sawasawa. Lomuria alisikia: haya, achia.

Akaachia. Jiwe lilikuwa halijatiwa hata kabari moja. Lilimzoa mwenzake likaja naye chini.

Walipomuuliza, alisema Rimberia ameteleza. Mtu mwingine akaongeza kwamba jana yake Rimberia alionekana kilabuni, na hadithi ikaota miguu. Lomuria akanyamaza. Mke wa marehemu akabaki mjane wa mlevi, na sasa yuko hapa na fagio, nywele zote nyeupe.

"Mama Kaari," alimwambia Kathambi. "Bwana yako hakuwa amelewa. Hakuteleza. Ni mimi niliachia kamba."

Akamweleza yote, lile neno pia, macho yake yasiondoke kwenye jiwe. Aibu ilimchoma kama chokaa machoni. Alipomaliza, Kathambi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, mikono mapajani.

"Miaka arobaini na mbili," Kathambi alisema.

"Arobaini na mbili, mama."

"Na mimi nafagia hapa kila Jumamosi nikimwombea msamaha. Yeye! Namwomba Mungu amsamehe pombe!" Akafuta uso kwa ncha ya leso. "Hata watoto wangu nimewafundisha kumwonea haya."

Lomuria alingoja matusi. Hayakuja, na hilo lilimtisha zaidi.

"Andika," mama akasema.

Akachonga. Herufi nane, tindo likigonga polepole, naye Kathambi akizihesabu kwa midomo. Adhuhuri ikaadhiniwa kutoka msikiti wa Wabera walipokuwa wakipangusa vumbi.

"Sasa nani atashika ngazi?" Lomuria aliuliza. Wasaidizi wake walikuwa wameenda kula.

"Si niko?"

Mzee aliiangalia ile ngazi ya mbao, akaiangalia sakafu ya mawe chini yake. Kisha akajitwika bamba begani, akapanda, Kathambi akiishika ngazi chini. Kila kidato kililia. Huko juu saruji ilikuwa tayari. Akalikalisha jiwe, akaweka pima maji juu yake. Povu likakimbilia kulia, likarudi, likasita. Upepo ulikuwa umetulia. Kwa mara ya kwanza, mnara haukusema kitu.

"Sawa?" Kathambi aliita kutoka chini.

Mikono ya mzee ilikuwa yote kwenye jiwe. Povu lilikuwa katikati kabisa. Akafumba macho.

"Sawa," alisema.

Akangoja, akisikiliza kama ngazi itaachiwa.