Sisimizi Walijua Kwanza

Kila asubuhi Cornelia alisafisha vizimba vya panya kwenye maabara moja ya Sumbawanga. Wale waliochomwa homoni ya ukuaji walikuwa mapande ya panya, wakinywa na kukojoa kutwa nzima. Insulini wanayo tele, mtaalamu alimweleza, lakini miili yao imeacha kuitii, ndiyo maana sukari inatokea kwenye mkojo. Sisimizi walijazana kwenye maranda wanayolalia hao tu. Ya wale wadogo, wasiochomwa, hawakuyagusa. Cornelia aliwazuia sisimizi hao kwa kuzungushia vizimba majivu, kama mama yake alivyozungushia kihenge cha ulezi kule Mwimbi.

Jioni, nyumbani Chanji, alimkuta mdogo wake Benjamini kifua wazi mbele ya kioo, bomba la sindano mezani.

"Dada, cheki mwili. Dawa ya ukuaji hiyo, tunachomana jimu."

Cornelia alipita, akaenda chooni. Pale Benjamini anapokojolea, sisimizi walikuwa wametanda weusi tii.

Akachota majivu jikoni, akarudi, akammwagia yote kifuani.

"Nenda chooni ukaone wanaoupenda huo mwili wako."