Tuta la Hilarian

Miche ya mikoko ilipokufa kwa mara nyingine, Emalin hakwenda hata kuitazama. Wenzake wa chama cha akina mama walirudi kutoka wangwani, kule kwenye tambarare ya chumvi, wakiwa na matope mpaka magotini, wakamweleza yale yale ya mwaka juzi: mingi imeng'olewa na mawimbi, iliyobaki imegandwa na makombe ya baharini mpaka imelala. Yeye aliendelea kukuna nazi.

"Ilikuwa ife tu," alisema. "Pale hapajaota mkoko tangu bibi yangu hajazaliwa."

Hilo kila mtu wa upande wetu wa hori la Puttalam, kaskazini ya Kolombo, alilijua. Hata Rizana alilijua, na Rizana ndiye aliyeleta ile miche. Alikuwa afisa miradi wa shirika dogo la mjini, mwanamke wa Kiislamu wa makamo, mwembamba, mwenye pikipiki iliyopiga kelele kuliko yeye. Wafadhili walitaka miche mingi, tena kwenye ardhi isiyo na ugomvi, na ardhi isiyo na ugomvi ilikuwa ule wangwa wa serikali unaopigwa na upepo kutwa. Basi akina mama walipanda, wakalipwa ujira wao, wakapigwa picha. Miche ikafa. Rizana akaandika ripoti kwamba hali ya hewa haikuwa rafiki.

Mahali ambapo mikoko ingeota palikuwa na mwenyewe. Mwenyewe ni Hilarian, kaka yake Emalin.

Zamani, watu walipoingiwa na wazimu wa kufuga kamba, Hilarian alifyeka mikoko yote nyuma ya nyumba ya baba yao, akachimba mabwawa, akayazungushia matuta ya udongo. Miaka michache alikuwa tajiri. Alijenga ghorofa, akanunua gari, akawa anakaa kiti cha mbele kanisani. Halafu ukaja ule ugonjwa wa madoa meupe, kamba wakaelea wote, na benki ikachukua gari. Kilichobaki ni mabwawa makavu yenye nyufa na chumvi, na matuta yaliyoyazuia maji ya hori yasiingie tena. Siku ya kumzika mama yao, mbele ya padri, Emalin alimwambia kaka yake kwamba aliyemuua mama ni yeye, maana mama alivua kaa mle mikokoni maisha yake yote, na mikoko ilipokatwa alibaki kukaa kibarazani akiangalia matuta. Tangu hapo hawakula meza moja, ingawa mmoja akikohoa mwenzake alimsikia.

Alasiri moja Rizana alisimamisha pikipiki yake uani kwa Emalin, akaketi bila kukaribishwa.

"Dada Emalin, kuna wafadhili wapya."

"Wanataka miche mingapi?"

"Hawataki miche. Wanataka maji yarudi kwenye mabwawa yaliyotelekezwa. Watalipa watu wakate matuta, basi. Mbegu zitakuja zenyewe na maji."

Emalin aliacha alichokuwa anafanya. "Nani kawafundisha?"

"Wamechoka kupanda vitu vinavyokufa, kama sisi. Lakini wanataka sahihi ya mwenye ardhi."

"Nenda kwake. Nyumba unaiona."

"Nimeshakwenda. Ameniambia nimlete yule mwenye mdomo."

Emalin alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeumwa jino. Alinawa mikono, akajifunga kitambaa kichwani, wakaenda.

Hilarian aliwapokea chini, maana ngazi za ghorofani zilikwisha kumshinda. Alikuwa amekonda, na fulana yake ilikuwa ya kampuni ya vyakula vya kamba iliyofungwa siku nyingi. Mkewe alileta chai kavu na vipande vya sukari guru, kisha akakaa mlangoni asije akakosa neno.

"Umezeeka," Hilarian alimwambia dada yake.

"Wewe ulianza."

Wakanywa chai. Rizana akaeleza habari za maji, sahihi, na ujira wa wachimbaji. Hilarian alisikiliza akiwa amefumba macho, na alipoulizwa ana maoni gani alisema, "Kila mwaka kuna mtu ananiambia kamba watarudi. Dawa mpya, mbegu mpya. Nami kila mwaka nalitengeneza lile tuta la mbele, mvua isilibomoe. Unajua limenila mgongo kiasi gani?"

"Sasa unalitengenezea nani?" Emalin aliuliza.

Kaka yake alinyoosha mkono, Rizana akampa kalamu. Alipotia sahihi alisema, bila kumtazama mtu, "Mama angesema nimechelewa."

"Umechelewa," Emalin alisema. Lakini alimalizia chai yake, na kikombe cha pili hakukikataa.

Andiko la Rizana la kuomba fedha likaenda, na kusubiri kukaanza. Mara wafadhili walitaka ramani, wakapewa. Wakataka barua ya idara, nayo ikachukua miezi, kwa kuwa kila afisa aliyeishika alihamishwa. Mara ikasemekana fedha zimekwenda kwenye nchi iliyopigwa na kimbunga, mara zimerudi. Akina mama wakawa wanamwita Rizana "Bi Wiki Ijayo". Hakukasirika, hata mama yake nyumbani alikuwa ameanza kumwita hivyo.

Ndipo kampuni ya chumvi ikaja kwa Hilarian. Ilitaka mabwawa yake yawe mashamba ya chumvi, kwa bei ambayo mtu wa umri wake hawezi kuisikia akalala. Yeye hakulala. Asubuhi alimtuma mkewe kwa Emalin.

"Anasema uje na majembe," wifi yake alisema. "Anasema bamvua ni kesho, maji yatajaa kuliko siku zote, mkate tuta leo, kabla hajabadili mawazo. Wale watu wanarudi Ijumaa na karatasi, na anajijua."

"Lakini fedha za wafadhili hazijaja."

"Nimemwambia. Amesema wafadhili hawajawahi kufika Ijumaa yoyote."

Emalin alipita nyumba kwa nyumba. Wengine walikataa wazi. Wengine walimuuliza ujira, akawaambia ukweli kwamba Rizana anaamini utakuja lakini mkononi hakuna kitu. Waliokuja walikuwa wachache, na Consi wa chama chao, ambaye ana watoto wanaosoma na mume anayekunywa, alikuja akinung'unika njia nzima.

"Nikilipwa nitawasamehe," alisema. "Nisipolipwa, Emalin, usije kwangu hata kuazima chumvi."

Walichimba kutwa. Tuta lilikuwa limeshindiliwa miaka na miaka na mtu mmoja mkaidi, na jembe lilikuwa likiruka kama limepiga jiwe. Hilarian alikalia kiti cha plastiki ukingoni mwa bwawa akiwaelekeza pale udongo ulipo laini, kwa kuwa hakuna aliyelijua tuta lile kama yeye. Rizana alifika mchana, akavua viatu, akashika karai. Hakuna aliyemwambia asante. Kesho yake maji yalipojaa, yalipita kwenye ule mkato taratibu, ya kahawia, yakisukuma povu na majani makavu, yakaenea bwawani. Hilarian aliyatazama mpaka yakafika kwenye ukuta wa chumba cha pampu zake za zamani, kisha akasema anataka kulala.

Kampuni ya chumvi ilikuja Ijumaa, ikaona maji, ikaondoka.

Msimu wa mvua ukapita. Ndipo jibu la wafadhili lilipofika: ombi limekubaliwa. Rizana alilisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye masharti aliketi. Kazi yoyote iliyofanyika kabla ya mkataba kutiwa saini hailipwi.

Mkurugenzi wake, Bwana Kularatne, alikuwa mtu mpole aliyekwisha kuendesha shirika kwa madeni kwa muda mrefu mno. "Afisa wao anakuja kukagua," alisema. "Mpeleke kwenye lile tuta la nyuma la Hilarian, ambalo halijaguswa. Sema tunaanza mwezi ujao, na lile la mbele tutaliandika limekatwa baada ya mkataba. Matuta yote yanafanana, Rizana. Wale akina mama walichimba kweli, wana haki ya kulipwa. Nani anaumia?"

Rizana hakuona anayeumia. Aliwapanga akina mama, akawaambia waje na majembe na wasiseme mengi. Consi alivaa nguo yake ya kanisani.

Afisa wa wafadhili aliitwa Nirmali, mwanamke wa Kolombo mwenye macho ya mtu aliyesafiri tangu alfajiri. Alitembea juu ya tuta la nyuma, akapiga picha, akauliza upana na kina. Kisha akageukia upande wa hori, ambako maji yalikuwa yanajaa.

"Lile bwawa lina maji," alisema. "Nyie mnaanza lini?"

Akina mama walimtazama Rizana. Baadaye Rizana alisema hakuwa amepanga lolote. Aliulizwa tu, na uongo ulihitaji nguvu ambayo asubuhi ile hakuwa nayo.

"Tulishaanza. Lile tulilikata kabla ya mvua," alisema. "Tungewasubiri, tungelipoteza."

Nirmali alisema kwa sauti ya chini, "Ungenipigia simu tukiwa wawili, ningejua la kufanya. Hapa mbele ya watu nimeshasikia."

"Najua."

"Sina namna, dada yangu."

"Najua hilo pia."

Wafadhili walilipia tuta la nyuma peke yake, na hilo likachimbwa mwezi uliofuata. Kazi ya tuta la mbele haikulipwa na mtu. Consi alimwambia Rizana mbele ya wote kwamba ukweli wake angeugharamia yeye mwenyewe, asiwabebeshe wenye watoto. Emalin hakumtetea. Alisema tu, "Ungenyamaza. Mara moja tu katika maisha yako ungenyamaza." Mkataba wa Rizana ulipokwisha haukuongezwa. Bwana Kularatne alimuaga kwa huzuni ya kweli, na Rizana akaenda kufundisha hesabu kwenye darasa la jioni la mjini, kazi ambayo angalau mtu huambiwa jibu ni sahihi au si sahihi.

Mabwawa yalijiendea yenyewe. Mbegu ziliingia na bamvua, nyingine zikatoka tena, nyingine zikashika. Mwanzoni kilikuwa kijani cha hapa na pale ambacho mgeni asingekiona. Halafu kaa wakaanza kuchimba mashimo pembeni, na aliyekuwa wa kwanza kupeleka mitego ni Consi.

Hilarian alifariki mwaka wa pili, kitandani, dirisha likiwa wazi upande wa mabwawa. Rizana alikuja mazikoni. Alikaa nyuma kabisa, na watu walipoanza kutawanyika alitafuta ufunguo wa pikipiki. Emalin alimkuta pale, akamshika mkono na kumpeleka jikoni kwake. Alimpakulia wali na kaa wa mchuzi mzito wa nazi, kaa wawili wakubwa, akaweka mbele yake sahani ya kutupia magamba.

"Wametoka wapi?" Rizana aliuliza.

"Unajua walikotoka. Consi kaleta."

Rizana aliitazama sahani bila kugusa.

"Bado nina hasira na wewe," Emalin alisema.

"Najua, dada."

"Consi naye anayo."

"Najua."

"Haya, kula. Kinapoa."

Rizana akavunja gando la kwanza. Emalin akajipakulia chake, akaketi kando yake kwenye mkeka, akanyoosha miguu iliyokuwa imevimba kwa kusimama tangu asubuhi, nao wakala.