Sentimita Arobaini za Tope

Mimi sijaumbwa kukaa. Nakula nimesimama, nikiongea na simu natembea, na mume wangu husema hata usingizini miguu yangu iko kazini. Kwa hiyo asubuhi ile, mvua ilipokatika baada ya siku tatu, nilikuwa nimeshalizunguka banda la sampuli mara kumi kabla sijafungua kasha la kwanza. Wenzangu wananiita Dada Mawe. Kazi yangu ni kusoma mawe: mtambo unachoronga kilima, unatoa vipande vya mwamba vya duara, vinene kama mkono wa mtu mzima, vinapangwa kwenye makasha ya mbao kwa mfuatano, kutoka juu kwenda chini, na mimi naandika kilichomo. Nikishatia sahihi, wahandisi wanajenga. Nisipotia sahihi, wanapiga kelele.

Safari hii kelele zilikuwa nyingi. Barabara inayopita chini ya kilima ilikuwa inapanuliwa, na ilibidi mguu wa kilima ukatwe ili ujengwe ukuta wa kuzuia udongo. Kilima chenyewe ni kizuri kukitazama. Juu kuna jiwe la mchanga, jekundu, nene, mchanga wa mto wa zamani sana ulioshikamana mpaka ukawa mwamba. Chini yake kuna utando wa jiwe la tope, la kijivu, linalobanduka karatasi karatasi ukilikwangua kwa ukucha. Na matabaka yote hayo yameinama kuelekea barabarani. Haya, weka ubao mzito juu ya kipande cha sabuni, kwenye mteremko, halafu mwagia maji. Maji hupenya jiwe la mchanga bila shida, yakifika kwenye jiwe la tope yanagota, na jiwe linaanza kurudi kuwa tope. Hapo ndipo watu hufa.

Mashimo manne ya kwanza yalionyesha utando huo. La tano halikuonyesha. Kuanzia mita kumi na moja kwenda chini lilikuwa jiwe la mchanga tupu, zima, zuri. Kila mtu alishangilia: kumbe upande ule hakuna tope, tuanzie kuchimba huko! Mhandisi hata hakungoja sahihi yangu. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameshapeleka mashine ya kuchimba na watu wanne wenye sururu, na mwendesha mashine alikuwa binamu yangu. Tunamwita Kasi, kwa kumkejeli tu, maana hajawahi kuharakisha jambo lolote tangu azaliwe.

Nikalowesha kasha la tatu kwa sponji, kwa sababu jiwe likilowa ndipo mistari yake inapoonekana. Mchanga wa mto haulali bapa. Mkondo huupanga mshazari, mstari baada ya mstari, halafu unakuja mkondo mwingine, unakata vichwa vya mistari ile na kuanza kupanga upya. Kwa hiyo ukiona mistari imekatwa kwa juu, jiwe limesimama sawa. Ni jambo la kwanza nililofundishwa katika kazi hii. Na pale, kwenye mita kumi na moja na nusu, mistari ilikuwa imekatwa kwa chini.

Nikasema, ah, mtu kaliweka kichwa chini miguu juu, hutokea. Nikaligeuza. Halikuingiana na la jirani yake. La pili nalo halikuingiana, wala la tatu. Nikavitoa vipande vyote vitatu, nikavipima: jumla sentimita arobaini. Na kwenye kona ya kasha, chini ya vipande hivyo, palikuwa na kigae cha kijivu, chembamba, kikubwa kama ukucha wa dole gumba.

Jamani! Jiwe la tope lilikuwapo. Maji ya mtambo yalilisomba wakati wa kuchoronga, bomba la kutolea sampuli likatoka na pengo, na mtu akaliziba pengo kwa mawe ya mahali pengine. Utaratibu wetu unajulikana hata na mpishi wa kambi: sampuli ikipotea, unaweka kibao cha mti mahali pake, unaandika urefu uliopotea, basi, maisha yanaendelea. Si aibu. Ila kwa mchorongaji mmoja tu duniani ilikuwa aibu, na shimo la tano lilikuwa lake. Mjomba wangu.

Nikatazama saa. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi.

Simu nilikuwa nayo mkononi. Namba ya mhandisi ilikuwa ya juu kabisa. Sikupiga. Nilijiambia sina uhakika, ngoja nihakikishe, nikahakikisha mara tatu kitu nilichokwisha kukiona mara moja. Uongo mtupu! Ukweli ni kwamba nilimwona Mjomba amesimamishwa mbele ya vijana wake kama mwizi, na roho ikakataa. Huyu ndiye aliyenichukua mama yangu alipofariki. Ndiye aliyenipeleka mitamboni kila likizo ya shule, akinishikisha mawe na kuniuliza, "Haya, kichwa kiko wapi?" mpaka nikajua. Miaka thelathini anajisifu kwamba bomba lake halijawahi kutoka na pengo. Nikasema nitamwendea, nimwambie ana kwa ana, ili amwambie mhandisi mwenyewe. Akisema mwenyewe, angalau heshima yake itabaki.

Mtambo wake siku hiyo ulikuwa upande wa pili wa kilima. Gari lilikuwa limekwenda kuleta mafuta, kwa hiyo nikashika njia kwa miguu, mawe matatu mkobani, kigae kwenye mfuko wa shati. Njia yote ilikuwa utelezi. Buti zinanasa, nazing'oa, zinanasa tena. Nilijiambia nitapiga simu nikifika kwenye kona. Kona ikapita. Kutoka pale juu niliuona mtaro waliokuwa wakiuchimba, mrefu, mwekundu, na kwenye ukuta wake wa ndani maji yalikuwa yanachuruzika kwa mstari mmoja ulionyooka. Hapana, mwamba wa mchanga mtupu hauvuji hivyo. Kasi akaniona, akapiga honi, akatoa mkono dirishani kunipungia. Mungu anisamehe, nami nikampungia, nikaendelea kutembea.

Mjomba alikuwa ameketi juu ya rundo la mabomba, kikombe cha chai mkononi, vijana wake watatu wakikaza nati za mtambo.

"Dada Mawe mwenyewe!" akaita. "Umekuja mbio mbio, nani anakufukuza?"

"Shikamoo, Mjomba. Nina neno nawe. Pembeni."

"Marahaba. Maneno ya pembeni siyapendi, mama. Yana harufu."

Nikamvuta hivyo hivyo, nikamketisha juu ya jiwe. Nikatoa vile vipande vitatu, nikavipanga juu ya mapaja yake. "Kichwa kiko wapi?" nikamuuliza.

Hakuhitaji lenzi. Alitazama mara moja, kisha akacheka kicheko cha kujitia hamnazo. "Vijana hawa bwana, wamepanga ovyo. Nitawatia adabu."

"Na mbona haviingiani na jirani zake?"

"Leo unanifundisha kazi? Wewe? Mimi niliyekufundisha kushika jiwe!" Sauti ilimpanda, vijana wakageuka. "Hapakuwa na tope pale. Mchanga mtupu!"

Nikamnyang'anya kikombe, nikamwaga chai, nikatia maji ya mtambo, nikadondosha kigae ndani. "Hiki kimebaki kwenye kasha lako. Tuone kama ni mchanga."

Basi tukakaa tukikitazama. Nikikumbuka sasa natamani kujizaba makofi. Watu wazima wawili wameinamia kikombe, wanangoja jiwe lilainike, na Kasi, mtoto wake, yuko chini ya kilima! Kwanza vilitoka viputo. Halafu kingo zikaanza kumeguka. Halafu kigae kikafunguka karatasi karatasi, maji yakawa ya kijivu, na chini pakabaki uji. Mjomba alikitikisa kikombe polepole. Uso ulimshuka.

"Bomba lilitoka na pengo," akasema kwa sauti ndogo. "Na yule msimamizi mpya alikuwa amesimama pale pale na daftari lake. Jana yake alikuwa amesema mbele ya watu kwamba wazee tunapoteza sampuli, bora tupishe vijana. Nikaziba. Nikasema mawe ni yale yale ya kilima hiki, ubaya uko wapi? Nilikuwa nikuambie kabla hujatia sahihi, wallahi. Si wanaanza kuchimba wiki ijayo?"

"Wameanza leo, Mjomba."

"Leo? Nani yuko chini?"

"Kasi. Tangu saa moja."

Sijapata kumwona mtu akibadilika vile. Alinipokonya simu, akampigia mhandisi, wala hakwenda pembeni. Alisimama katikati ya vijana wake, akapaza sauti mpaka ikakwaruza. "Injinia, mimi ndiye mchorongaji wa shimo la tano. Nimeweka mawe ya uongo kwenye kasha. Kuna tope chini ya mwamba ule. Toa watu sasa hivi, maswali utaniuliza baadaye!" Ilikuwa saa nne na robo.

Tulikimbia. Mzee wa miaka sitini na tatu aliniacha nyuma. Tulipofika mahali pa kuuona mtaro, watu walikuwa wanapanda ngazi kutoka ndani: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kasi alikuwa ameshazima mashine na kushuka. Wa nne, mzee mmoja, akateleza kwenye ngazi, na Kasi akarudi kumshika. Hapo kilima kikatembea. Hakikuvuma kama nilivyokuwa nikiogopa siku zote. Pande zima la mwamba mwekundu, na vichaka vyake vimesimama wima, liliteleza juu ya tope na kuingia mtaroni. Mashine ikalala ubavu. Yule mzee alisukumwa juu na Kasi, salama kabisa. Kasi alinaswa mguu wa kushoto.

Walitumia karibu saa mbili kumtoa, kwa mitaimbo na jeki, na Mjomba alikuwa amepiga magoti kwenye matope akimshikilia kichwa mwanawe na kumwambia asilale. Siku ya tatu madaktari waliukata mguu chini ya goti.

Nilikwenda kumwona siku ya tano. Kufikia hapo nilikuwa nimegeuka shujaa. Mhandisi alinishika mkono mbele ya kambi nzima, akasema jicho langu limeokoa watu watano. Mke wa Mjomba alinikumbatia akilia, akisema bila mimi saa hizi angekuwa matangani kwa mwanawe. Kila shukrani ilinichoma. Mjomba alikuwa ameachishwa kazi, na tangu siku ile alikaa kwenye benchi la koridoni, nje ya wodi. Hakuingia. Alisema hana macho ya kumtazama mwanawe.

Wodi ilikuwa na vitanda sita na dirisha lisilofunguka. Nikamsalimia Kasi, nikanyoosha shuka lililokuwa limenyooka, nikammiminia maji ambayo hakuomba, nikahamia upande wa pili wa kitanda, nikarudi.

"Tulia basi, unanitia kizunguzungu," akasema.

Nikajaribu kutulia.

"Wananiambia baba ndiye aliyepiga simu. Saa nne na robo."

"Ndiyo."

"Na wewe uligundua saa ngapi?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Si mhandisi, si msimamizi na daftari lake. Kwenye ripoti niliandika "asubuhi", ikapita. Ningesema saa nne kamili, nani angebisha? Nikapiga moyo konde.

"Saa tatu na dakika kumi."

Niliiona midomo yake ikihesabu.

"Zaidi ya saa nzima," akasema.

"Nilitaka aseme mwenyewe, binamu. Nilitaka asiaibike. Nilidhani kuna muda, nilidhani..." Machozi yakanizidi, nikashindwa kumaliza.

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Baba amefanya upumbavu," akasema. "Lakini hakujua kama niko kule chini. Wewe ulijua."

Nilimwomba msamaha. Aligeuza kichwa kwenye mto, akatazama mlangoni.

"Bado yuko nje?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mwambie aingie," akasema. "Wewe ubaki huko huko."