Kikohozi cha Ngazini

Mengine waliyazoea upesi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Fundi cherehani na mama mkwe wake walijifunza kubonyeza kitufe ndipo wavuke barabara, kununua mkate kwa kuonyesha kidole, kusalimia watu ngazini bila kujibiwa, na mwishowe kuacha kusalimia. Fundi, aliyeshona suti za maharusi kwao, alivaa koti la mtumba lililompwaya mabega na hakulitia hata sindano. Hakuwa na moyo huo. Walikuja nchi ile kumuuguza mkewe, binti pekee wa mama huyo.

Kilichowashinda ni chumba. Kilikuwa kimoja, ghorofa ya nne, choo humo humo ndani. Kwao, mwanamume hakai kitanda anachokalia mama mkwe wake, hali naye sahani moja, na wala hawaitani wala kutajana majina. Wakikutana njia nyembamba, mama hukohoa, naye kijana huingia majanini mpaka mama apite. Sasa ghorofani majani yatoke wapi? Walitundika shuka kati ya vitanda viwili, na kutwa nzima Fundi akawa anakaa ngazini kwenye baridi. Akisikia kikohozi na kandambili za mama zinashuka, anakimbilia chumba cha mapipa ya taka. Majirani walidhani wamegombana. Wangejua! Watu hawa walipendana kweli, ila mapenzi yenyewe yalikuwa ya kukwepana.

Mgonjwa mwenyewe aliwajua. Siku ya kuingizwa chumba cha upasuaji aliwashika mikono.

"Nikifumbua macho niwaone wote wawili," alisema. "Pamoja, jamani. Msije mkaanza kupishana mlangoni kwangu."

Mama alicheka huku akitazama ukutani. Fundi aliahidi.

Tangu siku hiyo mgonjwa hakuwa ameamka. Daktari alisema akiamka tu watapigiwa simu, waje mbio, maana huenda akapasuliwa tena wakati wowote, na hiyo mara ya pili hakutaka kuisemea. Simu ilikuwa moja, ya Fundi, na soketi nzima ilikuwa moja, upande wa kitanda cha mama.

Asubuhi moja simu ikalia pale kwenye chaji. Mama aliitazama weee, maana simu ya mkwe haishikwi, kisha akaishika. Mwanamke aliongea haraka haraka kwa lugha ya huko. Katika yote mama aliambulia neno moja tu, jina la binti yake. Lilimtosha.

Alitoka mbio, mlango akauacha wazi. Lakini amwite vipi mkwewe? Jina la kijana huyo hakuwahi kulitamka tangu posa. Akakohoa. Alikohoa ghorofa ya tatu, akakohoa ya pili, kwa nguvu, mpaka machozi yakamtoka.

Fundi alimsikia vizuri sana. Leo mama ana haraka, alijisemea, ngoja nimpishe ipasavyo. Akaingia chumba cha mapipa, akavuta mlango, akajibanza nyuma ya pipa la mwisho. Kikohozi kilikuja mpaka pale pale mlangoni, naye akabana pumzi. Heshima si utumwa, husema watu. Mimi nasema ile ilikuwa utumwa mtupu, tena wa kunuka taka.

Mama alizunguka jengo, akafika mpaka duka la mkate, akikohoa kila kona. Watu wa huko walimpisha wakiziba pua, wakiogopa kuambukizwa. Fundi naye hakutoka, kwa kuwa hakuwa amesikia kandambili zikirudi. Baridi ilipomzidi ndipo akatoka kuchungulia, na langoni mwa jengo wakakutana uso kwa uso. Akainamisha macho, apishe.

Mama akamwita kwa jina lake. Alilipasua kwa sauti iliyosikika barabara nzima, na Fundi akaelewa kabla hajaambiwa chochote.

Walipofika hospitali kitanda kilikuwa kitupu. Muuguzi alisema nao polepole, na Fundi aliokota maneno ya kutosha. Aliamka. Alitazama mlango. Aliulizia watu wawili. Muuguzi alinyoosha vidole viwili, kama mgonjwa alivyofanya. Madaktari walisubiri kadiri walivyoweza, kisha damu ikaanza kuvuja ndani, wakamrudisha kupasuliwa.

Hakutoka hai. Daktari aliwaambia akiwa amesimama, kofia mkononi.

Jioni, chumbani, mama aliivuta ile shuka mpaka ikaanguka chini. Fundi alikuwa amesimama nje ya mlango, kwa mazoea.

"Ingia, baba."

"Hapa panatosha, mama."

"Ingia. Unampisha nani? Aliyetufanya wakwe tumemwacha kule."

Akaingia. Hapakuwa na pa kukaa ila kitandani. Mama alisogea, naye akakaa kando yake, mabega yakagusana. Hakuna aliyejiondoa.

"Haya, tuko pamoja," mama alisema. "Nani atatuona?"